Dondoo Muhimu: Tabia Zinazozuia Ajali Kazini

Nchini Japani, dereva wa treni huielekezea kidole taa ya reli na kutamka kwa sauti ishara anayoiona. Jaribio la taasisi ya utafiti wa reli nchini humo mwaka 1994 lilionyesha kuwa utaratibu huo hupunguza makosa kwa takriban asilimia 85. Mwaka 1996 makondakta wa treni za chini ya ardhi za New York nao walianza kunyoosha kidole kabla ya kufungua milango.

Tabia za namna hii zinaweza kujengwa hata nje ya reli. Karakana yoyote inaweza kuanza na hatua hizi:

• Tabia itajwe wazi. "Fundi avae miwani kabla ya kuwasha grenda" hupimika. "Awe makini" haipimiki.

• Wafanyakazi waangaliane kwa zamu, bila kuandika majina ya waliokosea.

• Anayefanya vizuri asifiwe papo hapo, mbele ya wenzake.

• Kosa likijirudia, sababu itafutwe kwanza. Huenda miwani imechubuka hadi haionyeshi, au msimamizi anaharakisha kazi kupita kiasi.

Hata hivyo, tabia njema hazimwondolei mwajiri wajibu wake. Mashine isiyo na kinga izimwe hadi itengenezwe.