Mbwa wa Ufukweni kwa Nyeusi na Nyeupe: Vidokezo 7 kutoka Dunga

Nenda Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria huko Kisumu, asubuhi mashua zinapotia nanga, utawakuta mbwa wamejilaza karibu na akina mama wanaoparua mbuta na ngege. Ukiwapiga picha ya rangi, jicho hukimbilia mashua zilizopakwa nyekundu na buluu, mbwa akasahaulika. Ondoa rangi, naye anarudi kuwa mwenye picha. Ila kuondoa rangi kuna kazi yake.

1. Piga kwa rangi, badilisha baadaye. Simu yako ikiruhusu faili la RAW, litumie. Ukipiga nyeusi na nyeupe moja kwa moja, simu nyingi hutupa taarifa za rangi, na hizo ndizo utakazozihitaji hapo chini.

2. Mtenganishe mbwa na alichokalia. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Mbwa wetu wengi ni wa rangi ya udongo, na mchanga nao ni wa udongo; rangi ikitoka, vyote vinakuwa kijivu kimoja. Kwenye programu ya Lightroom kila rangi ina kitelezi chake cha mwangaza, lakini kwa mbwa na mchanga wa rangi moja hakikusaidii, kwa sababu vitapanda na kushuka pamoja. Dawa ni kuhama wewe. Zunguka hadi nyuma yake kuwe na maji au magugu maji. Sasa pandisha rangi ya machungwa na njano, shusha kijani: majani yanakuwa giza, manyoya yanang'aa. Kwenye Snapseed, fungua zana ya nyeusi na nyeupe uchague chujio la machungwa au jekundu.

3. Mbwa mweusi anataka subira. Ziwa likiwa nyuma yake linamulika, simu itamgeuza kivuli kitupu. Gusa uso wake kwenye skrini ili simu ipime mwangaza hapo. Ukihariri, inua vivuli vya uso tu kwa brashi, na mgongo uache uwe mweusi. Mbwa mweusi aliyefanywa wa kijivu hapendezi hata kidogo.

4. Chunga saa. Ikweta inapita Maseno, hapo karibu tu, hivyo mchana jua liko utosini na macho ya mbwa yanazama kwenye kivuli cha paji. Jicho lisilo na nukta ya mwanga haliokolewi na programu yoyote. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Mawingu ya alasiri kabla ya mvua nayo yana mwanga laini sana.

5. Shuka chini. Mpiga picha Elliott Erwitt, aliyefariki mwaka 2023, alipiga mbwa kwa nyeusi na nyeupe miaka mingi. Katika picha yake ya New York ya mwaka 1974, kamera iko karibu na ardhi: kuna mbwa mdogo mwenye kofia, buti za mwanamke, na miguu miwili ya mbele ya mbwa mkubwa, basi. Lala kwenye mchanga, nguo zitafuliwa.

6. Makali ni ya macho na pua. Ukiongeza kontrasti mwili mzima, mbavu na makovu vinajitokeza kupita hali halisi, na mbwa mzima wa afya anaonekana mgonjwa. Si haki kwake, wala kwa mvuvi anayemlisha.

7. Chapisha. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi, kwa hiyo picha hutoka na giza zaidi. Ongeza mwangaza kidogo kabla ya kuipeleka studio.

Na usimsogelee mbwa usiyemjua kabla ya kumuuliza mwenye mbwa. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua.