Ngiri ya Kinena: Kabla na Baada ya Kisu

Safari hii tuzungumzie jambo ambalo vijana wetu wa kiume hulificha mpaka linawaangusha. Ngiri ya kinena ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya pale nyama za kinena zilipolegea. Unaona uvimbe ukikohoa au ukinyanyua mzigo, ukilala unarudi ndani. Si busha, busha ni maji kujaa kwenye korodani. Nyumbani yote mawili tunaita "mshipa", na mizizi inaagizwa mpaka huku Uingereza. Mizizi haizibi tundu.

Daktari hurudisha kilichotoka, kisha mara nyingi huweka wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. (Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 ulihusu wanaume 302. Nusu hivi waliwekewa wavu wa chandarua uliouawa vijidudu, na baada ya mwaka matokeo yalikaribiana na ya wavu wa bei mbaya. Usikate chako lakini!)

Kabla ya siku yenyewe, taja dawa zote unazotumia, miti shamba pia. Sigara acha, maana kikohozi baadaye kitakutesa. Muda wa kufunga kula utaambiwa. Kwa kawaida ni saa 6. Wenzetu hukwama kwingine kabisa. Unaruhusiwa siku hiyohiyo, ila ukipewa nusu kaputi lazima awepo mtu mzima wa kukuchukua na kukaa nawe saa 24. Wewe uko chumba kimoja cha hosteli, jamaa wote wako shifti! Ongea na mwenzako mapema. Ukiona haya kutaja kinena, sema tu "upasuaji mdogo".

Ukirudi, korodani kuvimba kidogo na kuvilia damu ni kawaida, usishtuke. Kinachosumbua zaidi ni choo: kodeini inafunga. Kunywa maji, kula maharage, mboga na matunda, usijikamue. Ukikohoa, bonyeza kidonda kwa kiganja. Tembea kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Kazi nyepesi ni baada ya wiki 1 au 2, lakini maboksi ya ghalani ngoja wiki 4 hadi 6.

Homa, usaha, au damu isiyokatika, piga simu hospitali. Na wewe unayesubiri zamu: uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi, na unatapika, piga 999 usiku huohuo, utumbo umebanwa.

Kazini, siku 7 za mwanzo unajiandikia mwenyewe. Zikizidi wanataka cheti cha daktari. Kiombe kabla hujatoka wodini.