Kura za Wanafunzi katika Ufundishaji wa Madarasa Makubwa

Utangulizi

Mhadhiri anayefundisha mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja hukabiliwa na tatizo la kimya. Anapouliza, "Mmeelewa?" wachache wa mbele huitikia, wengine huinamia madaftari yao. Makala haya yanajadili mbinu ya kura za wanafunzi, na yanashikilia kuwa nguvu yake imo katika swali na mjadala, wala si katika kifaa.

Chimbuko na Utaratibu

Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aligundua kuwa wanafunzi wake waliweza kukokotoa kwa fomula ilhali dhana za msingi ziliwatatiza. Mnamo 1991 alianza kufundisha kwa maswali. Kila mwanafunzi huchagua jibu peke yake, kwa kadi, kwa kifaa cha kielektroniki chenye vibonyezo au, siku hizi, kwa simu. Iwapo takriban asilimia 30 hadi 70 wamepata, hujadiliana na jirani kisha hupiga kura tena. Wakipungua hapo, mhadhiri hurudia maelezo. Wakizidi, husonga mbele.

Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa darasa la jenetiki. Baada ya mjadala, kila mwanafunzi alijibu peke yake swali jipya la dhana ile ile. Matokeo yaliimarika hata pale ambapo yaelekea hakuna mwanakikundi aliyejua jibu mwanzoni. Kwa hivyo, manufaa hayo hayakutokana na kunakili tu jibu la mjuzi.

Mfano wa Kiswahili

Katika sentensi "Kiongozi amefika", upatanisho unatawaliwa na nini?

(a) Kiambishi ki-
(b) Uhai wa kinachorejelewa
(c) Kitenzi -fika

Aliyekariri kuwa ki- ni alama ya ngeli ya KI-VI atachagua (a). Jirani atamwuliza mbona hatusemi "Kiongozi kimefika". Hapo tofauti kati ya uainishaji wa kimofolojia na wa kisintaksia itajitokeza kwa wanafunzi wenyewe.

Hitimisho

Vifaa hurahisisha hesabu na kumsitiri mwenye haya. Hata hivyo, idara isiyo navyo inaweza kuanza na kadi za herufi, zikiinuliwa kwa pamoja, na swali moja lililotungwa vyema kwa kila mhadhara.