Funza: Mguu Hauponi Sakafu Ikiwa Mgonjwa

Kati ya wadudu wanaomsumbua mwanadamu nyumbani mwake, kama vile chawa, kunguni na viroboto, hakuna amwaibishaye mtu kuliko funza. Mahali pengine huitwa tekenya, na Wakikuyu wa Thika na Ruiru humwita ndutu. Majina ni mengi, lakini mdudu ni mmoja na hila yake ni moja. Aijuaye hila hiyo aweza kumshinda kwa maji, sabuni, mafuta na ufagio. Asiyeijua atachokoa vidole vya watoto wake mwaka hata mwaka, wala funza hawatakwisha.

Asili yake

Funza si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vilivyo karibu nayo. Mwaka 1872 meli moja iliyotoka Brazil ilifika Ambriz, katika nchi ya Angola, ikiwa imepakia mchanga ili kuipa uzito baharini, na ndani ya mchanga ule walikuwamo funza. Kutoka huko walisafiri pamoja na misafara ya wapagazi, wafanya biashara na askari. Kabla karne ya 19 haijakwisha walikuwa wamevuka bara zima na kufika mwambao wa Mashariki.

Basi mtu asidhani ya kuwa funza ni laana ya ukoo fulani, au adhabu ya mizimu, au kazi ya mchawi. Ni mdudu aliyeletwa na chombo kama shehena nyingine yoyote, na njia zake zote zajulikana.

Maisha yake

Funza ni wa jamii ya viroboto, naye ni mdogo kuliko wote. Urefu wake ni kadiri ya milimita moja. Hawezi kuruka juu sana, na kwa sababu hiyo huingia zaidi miguuni: katika vidole, kando ya kucha, kisiginoni na ukingoni mwa wayo. Lakini mtoto atambaaye, au mzee mgonjwa alalaye chini, aweza kuingiwa mikononi, magotini na hata makalioni.

Jike ndiye mwenye madhara. Hujichimbia katika ngozi kwa kichwa, akiacha nje ncha ya nyuma tu. Kwa ncha hiyo hupumua, hutoa uchafu wake na kutaga mayai. Kwa muda wa majuma mawili hivi tumbo lake huvimba hata akawa kama njegere ndogo, nyeupe, yenye alama nyeusi katikati. Hutaga mayai mengi, hata kupita mia, kisha hufa mumo humo katika ngozi. Tangu kuingia hata kufa ni kama majuma manne hadi sita.

Mayai hayabaki mguuni. Huanguka chini, na baada ya siku tatu au nne huanguliwa viluwiluwi vidogo sana, ambavyo huishi katika vumbi kavu la sakafu, katika nyufa, chini ya kitanda na pembeni mwa nyumba. Huko hula takataka ndogo ndogo, hukua, na yapata majuma matatu baadaye huwa funza kamili wanaotafuta mguu wa kuingia.

Jambo hili ndilo la kushikwa kuliko yote. Funza aonekanaye mguuni ni mmoja tu wa jamaa kubwa, na wenziwe wako sakafuni. Mama akimtoa mwanawe funza kumi leo, kisha mtoto akalala usiku ule ule juu ya vumbi lile lile, kesho ataingiwa na wengine kumi. Watu husema, "Dawa haikufaa." Kweli dawa ilifaa, ila ilitiwa mahali pamoja badala ya mahali pawili.

Hali ya Thika na Ruiru

Mgeni apitaye barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Ruiru na Thika huona viwanda, maduka na majumba ya ghorofa, akadhani ya kuwa funza ni habari ya zamani. Lakini funza hachagui mji wala shamba. Achaguacho ni vumbi. Chumba chenye sakafu ya saruji iliyo nzima hakimpi mahali pa kulea watoto wake. Chumba cha sakafu ya udongo iliyopasuka, ambamo watu, kuku, mbuzi na mbwa hulala pamoja, humpa kila kitu atakacho. Vyumba vya namna hii viko vijijini katika Kaunti ya Kiambu na ya jirani yake Murang'a, mwendo mfupi tu kutoka miji hiyo yenye taa.

Funza huzidi wakati wa ukavu, yaani Januari na Februari kabla ya masika, na tena Agosti na Septemba kabla ya mvua za vuli. Udongo mwekundu wa nchi ile ukikauka huwa unga mwembamba, na unga huo ndio makao yao. Kwa hiyo mwenye busara huanza kazi ya sakafu kabla ukavu haujaingia.

Madhara yake

Mwanzo ni mwasho, kisha maumivu, kisha vidonda. Vijidudu vya uchafu huingia kwa tundu lile lile la funza, na usaha hutokea. Kucha hung'oka, vidole hupotoka, na mtu hutembea kwa kisigino au kwa ukingo wa mguu. Pepopunda nayo yaweza kuingia kwa vidonda hivyo, na hiyo ni maradhi ya kuua.

Kuna na madhara yasiyoonekana mguuni. Mtoto asiyelala usiku kwa kujikuna hawezi kusikiliza mwalimu mchana. Akichekwa na wenzake huanza kujificha njiani, na mwisho huacha shule kabisa. Mzee asiyeweza kukanyaga hawezi kulima wala kuchuma kahawa, na asiyelima hapati fedha ya kununua sabuni, viatu wala saruji. Hivyo funza huleta umaskini, na umaskini huzidisha funza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Funza si alama ya uvivu wala ya ujinga; yeyote akanyagaye vumbi lao aweza kuingiwa. Jirani acekaye leo na akumbuke ya kwamba kuku na mbwa hawajui mpaka wa shamba.

Mambo yasiyofaa

Kwanza, sindano au pini moja isitumiwe kwa watu wengi. Damu ya mmoja yaweza kumpa mwingine homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mwiba na wembe ni vibaya vile vile. Ikiwa lazima funza atolewe, na atolewe na mtu aliyefundishwa, kwa sindano safi ya mtu mmoja, naye mgonjwa awe amekwisha kupata chanjo ya pepopunda.

Pili, mafuta ya taa, petroli, dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa ya kunyunyizia mimea visipakwe mguuni. Vitu hivi huchoma ngozi na sumu yake hupenya vidondani. Mafuta ya taa yana hatari nyingine pia, kwa maana huwaka karibu na jiko au koroboi.

Tatu, mtoto asishikwe kwa nguvu na kuchokolewa vidole vyote kwa siku moja. Maumivu ni makali, na safari ya pili atawakimbia hata wale waliokuja kumsaidia.

Tiba ya mguu

Miguu ioshwe vizuri kwa maji na sabuni, ikaushwe, kisha ipakwe dawa. Dawa iliyozoeleka katika zahanati ni ile ya rangi ya zambarau iitwayo pamanganeti ya potasiamu, ambayo mgonjwa hutia miguu ndani yake kwa muda wa dakika 15. Dawa hii ikizidi nguvu huunguza ngozi, kwa hiyo na ichanganywe na mhudumu wa afya.

Mafuta yana njia nyingine. Imekwisha kusemwa ya kwamba funza hupumua kwa ncha yake ya nyuma. Mafuta mepesi yakiingia katika tundu za ncha ile huziba pumzi yake, naye hufa bila kuchokolewa. Jambo hili lilijaribiwa Gatundu, karibu na Thika, na habari zake zikachapishwa mwaka 2014. Mguu mmoja wa kila mgonjwa ulipakwa mafuta ya dimetikoni, ambayo hutumiwa pia kuua chawa wa kichwani, na mguu wa pili ukatiwa katika dawa ya zambarau. Siku ya saba, katika kila funza 100 wa mguu wa mafuta, 78 hawakuwa na dalili ya uhai. Katika mguu wa dawa ya zambarau walikuwa 39 tu.

Watafiti wengine katika Kenya walijaribu mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, na habari zao zikatolewa mwaka 2019. Uvimbe na maumivu vilipungua vizuri kwa watoto waliopakwa. Mafuta haya hupatikana kwa urahisi kuliko dimetikoni, lakini ni ya kupaka tu. Mafuta ya mwarobaini yasinywewe kamwe, na yawekwe mbali na watoto wadogo, kwa kuwa yaweza kuwadhuru vibaya.

Funza aliyekufa hunyauka, huwa mweusi, na hutoka mwenyewe ngozi ipyapo. Lakini mguu ukivimba na kutoa usaha, au mgonjwa akipata homa, au akiwa na ugonjwa wa sukari, na apelekwe hospitali upesi. Taya likikaza, isingojwe hata saa moja.

Tiba ya sakafu

Kazi hii na ianze siku ile ile mguu upakwapo dawa.

1. Sakafu inyunyiziwe maji kila siku kabla ya kufagiwa, ili vumbi lisiruke. Pembe za nyumba na chini ya vitanda visisahauliwe. Takataka zichomwe au zifukiwe mbali na nyumba.

2. Nyufa za sakafu ya udongo zizibwe, na sakafu ipigwe hata iwe ngumu. Mwenye uwezo mdogo wa kununua saruji na aanze na chumba cha kulala watoto.

3. Kuku, mbuzi na nguruwe wajengewe banda lao. Mbwa na paka nao huingiwa na funza, kwa hiyo nyayo zao zikaguliwe, na panya wafukuzwe nyumbani.

4. Matandiko yaanikwe juani, na watoto wasilale juu ya udongo mtupu.

5. Kila jioni miguu ya watoto ioshwe kwa sabuni na kukaguliwa penye mwanga. Funza aliyeingia leo hajataga bado.

6. Viatu vya kufunika vidole vivaliwe, hata nyumbani ikiwa sakafu ni ya vumbi. Kiatu peke yake hakitoshi, kwa kuwa mtu hukivua alalapo.

Kazi hii isiachwe baada ya juma moja kwa kuwa miguu imepoa. Wale waliokuwa mayai siku ya kwanza bado wamo vumbini, nao wataamka baada ya majuma matatu au zaidi. Afagiaye na kunyunyizia maji kwa miezi miwili mfululizo huwavizia wote, kizazi kwa kizazi.

Tena nyumba moja ikisafishwa na ya pili ikaachwa, funza watarudi kwa miguu ya watoto wachezao pamoja. Kwa hiyo wazee wa kijiji, walimu na wahudumu wa afya wa jamii na wapatane juma moja ambalo nyumba zote zitapigwa maji na kufagiwa. Na waanze kwa nyumba ya mjane au mzee akaaye peke yake, kwa maana huyo hana wa kumchotea maji, wala hawezi kuinama kutazama nyayo zake mwenyewe.