Bustani ya Matembezi ni Dawa kwa Mzazi Mzee

Watu wengi wa mjini huwaleta wazazi wao kutoka mashambani ili wawe karibu na hospitali. Jambo hilo ni jema. Lakini mama aliyezoea kurauka na kwenda shambani sasa hushinda sebuleni akitazama televisheni. Baada ya miezi michache unamwona akishika ukuta anapokwenda msalani, nawe unadhani ni uzee.

Aghalabu si uzee peke yake. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, lakini kwa mzee, anayeketi kutwa ndiye huila. Misuli isiyotumika hudhoofika, na miguu ikidhoofika mtu huanguka. Mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani.

Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri watu wazima, wakiwemo wazee, wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Asiyeweza kufikia hapo na aanze na dakika tano, kisha aongeze kidogo kidogo.

Je, atatembea wapi? Barabarani kuna matatu, bodaboda na mitaro isiyofunikwa. Ndiyo maana yafaa umtengenezee bustani. Huhitaji ekari nzima. Hata kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, usiimwagie saruji yote kwa ajili ya gari. Zingatia mambo yafuatayo:

1. Njia. Izunguke na kurudi ilikoanzia. Mzee aliyeanza kusahau akifikia njia iliyozibwa huchanganyikiwa, asijue ageukie wapi. Njia ya mzunguko humrudisha mlangoni. Ikiwezekana, iwe na upana wa mita moja na nusu ili mtembee sambamba. Tandika kabro zilizolazwa sawasawa, wala usimwage kokoto, kwani huteleza chini ya mkongojo.

2. Viti. Weka benchi kila baada ya hatua kama 20, kivulini, zikiwa na mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka. Mzee akijua kuna mahali pa kupumzika, hataogopa kuondoka mlangoni.

3. Mimea. Panda yenye harufu anayoijua: mrehani, mchaichai, asumini. Panda pia sukuma wiki kidogo ili awe na cha kuchuma. Ng'oa mbono, kwani mbegu zake ni sumu kali, na uondoe mimea yenye miiba kando ya njia.

4. Maji. Usiache maji yakituama kwenye vyungu au makopo. Mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi. Mwaga maji hayo kila wiki.

Manufaa si ya miguu tu. Mwaka wa 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa penye dirisha linaloelekea miti walitoka hospitali mapema, na walitumia dawa chache kali za maumivu, kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kadhalika, mwangaza wa asubuhi husaidia mwili kutambua saa za kulala.

Hata hivyo, bustani haichukui nafasi ya daktari. Mzazi mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache dawa zake. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aketi mara moja, nawe umpeleke hospitalini bila kuchelewa.

Tembeeni kabla ya saa nne asubuhi au jioni jua likipoa, naye avae viatu visivyoteleza. Usimharakishe. Mshike mkono, mwache asimame anuse mrehani wake, kisha mwendelee.