Mutoto Akianguka Katika Muti wa Maembe



Leo, wakati unangoja zamu ya mutoto wako kupimwa uzito, tunataka kuzungumza na wewe juu ya michezo ya watoto. Pengine unajiuliza: michezo iko na uhusiano gani na hospitali? Iko nao sana. Wakati maembe yanaiva, tunapokea watoto wenye mikono iliyovunjika. Hawakuvunjika katika kazi wala katika vita. Walikuwa wanacheza tu.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, watoto wanatengenezewa mahali pa kucheza, penye bembea na vyuma vya kupanda. Chini yake wanaweka muchanga mwingi ao vipande laini vya miti, ili mutoto akianguka asiumie sana. Hapa Marabo, mahali pa kucheza ni chini ya muti wa maembe, na juu yake pia. Ni kando ya barabara ya Bunia na Komanda. Ni lile shimo ambamo baba alichimba udongo wa matofali.

Hatusemi umukataze mutoto kucheza. Mutoto asiyetaka kucheza, sisi waganga tunamutazama mara mbili, maana pengine ni mugonjwa. Hata nabii Zakaria, katika sura ya 8, anapoonyesha muji wenye amani, anaweka ndani yake wavulana na wasichana wanaocheza katika njia. Lakini mama, uzunguke kiwanja chako leo jioni na macho ya muganga.

Tazama muti kwanza. Matawi ya avoka yanavunjika upesi kuliko mutoto anavyofikiri, na tawi lo lote linateleza baada ya mvua. Uwape watoto muti murefu wenye kikapu kwenye ncha, wachume maembe wakiwa wamesimama chini. Ondoa mawe, vichwa vya matofali na visiki chini ya muti, maana mara nyingi kile kinachopasua kichwa ni jiwe lililokuwa linangoja pale. Kama wamefunga bembea ya kamba, ivute wewe mwenyewe kwa nguvu zako zote kabla mutoto hajakaa. Usiache kitanzi kinachoweza kuingia shingoni. Na shimo la matofali lifukiwe, ao lizungushiwe fito, kwa sababu likijaa mvua, mutoto mudogo anazama ndani yake bila kupiga kelele.

Kuna jambo lingine ambalo wamama wengi wa Ulaya hawalifikiri. Vita vilipita katika Irumu. Nyankunde yenyewe ilishambuliwa Septemba 2002. Vita vinaacha vyuma katika majani na katika udongo, na mutoto anaona chuma kinachong'aa, anakipeleka nyumbani kama kitu cha kucheza. Umufundishe hivi: asiguse, asirushie jiwe, arudi kwa njia ile ile aliyokuja nayo, amuambie mutu mukubwa.

Sasa tunafika kwa jambo ambalo limetuhuzunisha zaidi.

Kijana mumoja wa miaka 7 alianguka katika muti wa maembe. Mukono ulivunjika karibu na kisugudi, juu kidogo. Wazazi wake walimupenda sana, hawakukawia hata kidogo: jioni ile ile walimupeleka kwa fundi wa mifupa. Fundi alinyoosha mukono, akazungusha vipande vya mwanzi, akakaza na kamba. Usiku mutoto alilia. Wakasema, "Mufupa unaungana, ndiyo maana analia." Siku ya pili alilia zaidi. Siku ya tatu akanyamaza, wakamushukuru Mungu. Siku ya nne walimuleta kwetu kwa sababu ya harufu. Vidole vilikuwa vyeusi. Daktari alikata mukono ule.

Mama, usikie vizuri: mufupa ule haukuua mukono. Kamba iliua mukono. Mufupa ukivunjika, nyama inavimba siku ya kwanza na ya pili. Kamba haivimbi pamoja nayo. Inabana mushipa wa damu, na nyama isiyopata damu inaanza kufa ndani ya saa chache tu. Zikipita saa 6, mara nyingi imekwisha kuharibika. Wengine hawapoteze mukono wote, lakini vidole vinakunjika kama kucha za ndege na havifunguki tena. Daktari Volkmann wa Ujerumani aliandika juu ya kilema hicho mwaka 1881, na sababu yake ni ile ile, kukosa damu. Pale ambapo mutoto analia sana, bado kuna nafasi ya kumusaidia. Akinyamaza na vidole havisikii kitu, nafasi inapotea.

Kwa hiyo mutoto akianguka na mukono umevimba ao umepinda, usiuvute. Usiukande na maji ya moto, usimuchanje. Uache katika hali ambayo inamuuma kidogo, uutegemeze na kikwembe kilichofungwa shingoni, na umulete siku ile ile. Usimupe chakula njiani, maana pengine tutamulaza usingizi ili kurudisha mufupa. Utuambie alikula saa ngapi. Kama mufupa umetoboa ngozi, mimina maji safi, funika na kitambaa safi, usitie majani wala kinyesi cha ng'ombe. Leta fishi yake pia, tuangalie kama alipata chanjo zake za wiki 6, 10 na 14, kwa sababu ndani yake mulikuwa kinga ya pepopunda.

Ukiwa hapa kwenye benchi, jifunze jambo moja sasa. Shika kidole cha mutoto wako. Finya ukucha mpaka uwe mweupe, halafu uachilie. Hesabu: moja, mbili. Rangi imerudi? Hivyo ndivyo damu inavyopita. Fanya vile vile kwa mukono wo wote uliofungwa, mara nyingi muchana na usiku. Kama rangi inakawia, kama vidole ni baridi, kama mutoto analia ukinyoosha vidole vyake, ao anasema vimekufa ganzi, fungua kamba saa ile ile. Usingoje asubuhi, usingoje baba arudi kutoka sokoni. Hata plata yetu ya hospitali inaweza kubana. Ukiona dalili hizo, rudi kwetu hata saa 8 ya usiku, hatutakukasirikia.

Hatudharau fundi wa mifupa. Mifupa mingi imepona katika mikono yake, na yeye ni jirani yetu. Lakini kisugudi cha mutoto, na kidonda chenye mufupa ndani, si kazi ya mwanzi.

Kuna watoto wawili ambao hawapashwi kubebwa mugongoni wala kukalishwa juu ya pikipiki kati ya watu wawili: yule asiyeweza kusogeza miguu baada ya kuanguka, na yule anayelia shingo. Huyo alazwe juu ya mulango ao ubao, watu wanne wamuinue pamoja, kichwa kisigeuke, wamulete kama kwa tipoyi. Na mutoto aliyepiga kichwa, hata kama anacheka, umuchunge siku nzima na usiku wake, umuamushe mara kwa mara. Akitapika tena na tena, akilala bila kuamka vizuri, akipata degedege, ao damu ama maji yakitoka masikioni, usimalize hata kupika. Njoo.

Kama mama mukwe anasema kamba isifunguliwe, umuonyeshe ukucha. Afinye yeye mwenyewe, ahesabu moja, mbili.