Dondoo muhimu: Boti ya faiba na maji yasiyo na chumvi

Ufukweni kuanzia Pasiansi hadi Mwaloni Kirumba utasikia kwamba Ziwa Victoria halina chumvi, basi haliwezi kuila boti ya faiba. Kwa misumari ya boti ya mbao kuna ukweli. Kwa faiba mambo ni kinyume. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, na maji yasiyo na chumvi huipenya rezini upesi kuliko maji ya bahari, yakaumua malengelenge chini ya rangi ya nje. Kwa hiyo ipandishe boti nchi kavu mara kwa mara, na usizibe lengelenge kabla halijakauka kabisa.

Tundu nalo lisifunikwe kwa kiraka cha juujuu. Saga kingo kwa mteremko wenye upana wa mara 12 ya unene: ubavu wa milimita 5 unadai milimita 60 kila upande. Fundi atalalamika kwamba rezini inapotea bure. Lakini nguvu iko kwenye nyuzi, na mteremko mfupi huiachia rezini tupu mzigo wote wa mawimbi. Boti ya mbao huoza, ndiyo, ila huelea hata ikijaa maji. Boti ya faiba iliyojaa maji huzama, hivyo dai vyumba vya hewa vilivyozibwa.